Zulia la Mulki

Zulia la Mulki lilihitaji wanawake watatu kulibeba, na hata hao walikuwa wanalitua kila baada ya nyumba chache ili wapumue. Lilikuwa zulia jekundu lenye maua ya rangi ya dhahabu, alilotumiwa na mwanawe mwenye duka Eastleigh, na katika bulla nzima, maana huko Garissa mtaa huitwa bulla, hapakuwa na la kulishinda. Mulki alikuwa akilitoa kwa harusi, kwa msiba wa mtu mkubwa, na kwa wageni wenye jina. Leo alikuwa analitoa kwa ajili ya sista wa Kikatoliki, na jambo hilo lilimkaa kooni kama mfupa.

"Nalitoa kwa ajili yako, Shamso," alisema, jasho likimtiririka chini ya mtandio. "Si kwa ajili ya huyo mtawa. Na hilo ulijue."

"Najua, abaayo, dada yangu."

"Nilisema siku ile ile mtoto wako anaondoka kwenda chuo chao. Nikasema, huyu atarudi na msalaba shingoni. Nilisema, sikusema?"

"Ulisema. Inua upande wako, mlango ni mwembamba."

Nyumba ya Shamso ilikuwa ya mabati, chumba kimoja kirefu kilichokatwa kwa pazia. Zulia lilipokunjuliwa lilijaa ukuta kwa ukuta na ncha yake ikapanda juu ya kitanda. Mama mwingine, Rahmo, alileta vikombe vyake vya kaure vyenye ukingo wa dhahabu, na nyuma yake akavuta mbuzi dume mweusi. Shamso alimwangalia yule mbuzi, macho yakamjaa maji. Yeye anauza maziwa ya ngamia sokoni, maziwa yenyewe si ya ngamia wake, na Rahmo anajua kwamba hana cha kumlipa mbuzi.  Lakini Rahmo alifunga kamba kwenye nguzo, akaenda zake.

Hani, binti mkubwa wa Shamso, alikuwa amesimama katikati ya zulia, viatu mkononi, akitazama nyumba yao kana kwamba ameingia kwa watu.

"Hooyo, nisikilize," alimwambia mama yake kwa Kisomali, lugha yao ya nyumbani. "Sista Benedeta haji kula. Wafadhili waliotulipia karo ya chuo miaka hii miwili wamemaliza. Hawa wapya wametaka kila nyumba itembelewe kwanza, waone kama kweli hatuna uwezo. Ndiyo sababu amesafiri mpaka huku. Sasa akikuta haya yote ataandika nini?"

"Ataandika kwamba alipokewa."

"Anakuja kuona shida, hooyo."

"Shida yetu itakuwepo hata akiondoka. Yeye ni mgeni wa siku moja." Shamso aliinama akanyoosha kona ya zulia. "Huyo mwanamke amekulea miaka miwili katika nchi ya watu. Unataka nimkalishe kwenye jerikeni?"

 Ukimtazama Shamso akiwa katika hali ile unajua hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Nje, mumewe Abdille alikuwa na kazi yake nyingine. Kule Kotile, Abdille alikuwa mtu wa ng'ombe. Ukame ule mrefu ulipomalizana naye, aliingia Garissa na fimbo mkononi na watoto nyuma, na sasa alikuwa anauza maji kwa mkokoteni wa punda. Punda mwenyewe alikuwa wa jirani, Abdiwali, ambaye jioni alikuwa akigawana naye kilichopatikana. Kwa mtu wa ng'ombe, kuonekana ameshika hatamu ya punda ni aibu isiyo na jina. Tangu aanze kazi hiyo Abdille hakuwahi kupita barabara kuu. Alipita vichochoroni, kilemba kimemfunika mpaka puani, na watu wenye adabu walijifanya hawamjui. Asubuhi hiyo aliusukuma mkokoteni mpaka nyuma ya kwa Abdiwali, akapanga majerikeni chini ya turubai, kisha akarudi kuoga na kuvaa kikoi kipya. Nacho kilikuwa cha kuazima.

*

Sista Benedeta alifika kwa tuktuk kabla ya adhuhuri, mwanamke mpana wa Mwingi, mwenye kicheko cha karibu. Alikuwa amevaa gauni la kijivu na kitambaa kichwani, na Shamso alipomwona alishangaa moyoni: kumbe na hawa hujifunika.

"Karibu, Sista, karibu sana," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Kaa hapa. Hapana, hapa. Hapa ndio laini."

Uunsi ulikuwa unafuka kwenye kichomeo, nyumba nzima inanukia. Chai ya maziwa yenye iliki ililetwa katika vikombe vya Rahmo. Kisha sinia la wali na nyama ya mbuzi, ini limewekwa upande wa mgeni. Sista alinawa mikono katika beseni, akala vizuri, na Shamso alifurahi kumwona mgeni ambaye halitii aibu sinia.

Baada ya chakula Sista alifuta mikono na kuanza kusema habari za Hani.

"Mama, baba, niwaambie kitu. Chuoni kwetu, mhadhiri wa hisabati akikwama ubaoni, darasa zima linamgeukia Hani. Mwaka wa kwanza alipokuja alikuwa hasemi. Akikaa, anakaa nyuma kabisa. Nikajiuliza, huyu tutamweza? Muhula wa pili akaniletea matokeo, nikayasoma mara mbili nikifikiri wamekosea jina. Sasa kila Jumatano jioni anawafundisha wenzake walioachwa nyuma. Kuna mtoto wa kasisi mmoja wa Kianglikana, yeye na fizikia walikuwa maadui. Hani ndiye aliyewapatanisha."

Hani, aliyekuwa anatafsiri, aliinamisha kichwa. "Anasema ninasoma vizuri," alimwambia mama yake kwa Kisomali.

"Maneno yote hayo ndiyo hayo tu? Tafsiri yote. Usinipunje."

Sista alicheka, maana baadhi ya mambo hayahitaji kutafsiriwa. "Na kuswali, mama, usiwe na wasiwasi. Kuna chumba kidogo kando ya maktaba, nikampa yeye ufunguo. Alfajiri anawaamsha wenzake Waislamu. Mimi siku hizi sihitaji saa. Nikisikia miguu yao barazani najua muda wangu wa misa nao umekaribia."

Hilo Shamso alilielewa bila msaada wa mtu, na kifua kilimpanda. Alimtupia jicho Mulki, ambaye alikuwa amejikalisha kando ya pazia kwa kisingizio cha kumimina chai. Mulki alikuwa anaitazama birika kwa bidii kubwa.

Kisha Sista akatoa karatasi zake.

"Sasa, mzee. Kazi yako?"

"Mimi ni mtu wa ng'ombe," alisema Abdille. Kiswahili alikijua cha kutosha. Maji hayauzwi kwa ishara.

"Mifugo mnayo?"

"Alhamdulillah."

"Ni wangapi?"

 Sista hakujua alichouliza. Katika watu hawa mfugaji hahesabu wanyama wake kwa sauti mbele za watu. Kuhesabu ni kukaribisha jicho baya. Mwenye zizi lililojaa na ambaye zizi lake limebaki mavi makavu, wote wawili watakujibu jibu moja, na wewe mwenye adabu utaliacha hapo hapo. Abdille alinyoosha mgongo, akajibu kama baba yake alivyokuwa akijibu:

"Mungu ndiye anajua hesabu yao."

Sista aliandika. Shamso aliona kalamu ikitembea, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akajiona kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Alimtazama Hani. Hani alikuwa anatazama maua ya dhahabu.

"Zulia zuri sana hili," alisema Sista.

"Karibu, ni yako," alijibu Shamso, kwa kuwa hivyo ndivyo mtu anavyojibu mgeni akisifu kitu.

"Na wafadhili, mngependa niwaambie nini?"

"Waambie tunashukuru," alisema Abdille. "Waambie, Hani amekuwa mtu. Sisi hatuna upungufu."

Sista alimgeukia Hani ahakikishe amesikia sawasawa. Msichana akasema, "Baba anasema wanashukuru, na kwamba hawana upungufu."  Mgeni aliagwa kwa heshima zote, na mkononi akatiwa chombo cha nyirnyir, ile nyama iliyokaushwa ikatiwa samli, ambacho Shamso alikuwa ameweka akiba kwa ajili ya Hani kwenda nacho chuoni.

*

Simu ililia kesho yake alasiri. Zulia lilikuwa bado sakafuni, Mulki hajaja kulichukua, na Abdille alikuwa kizingitini anashona mkanda wa punda uliokatika.

Hani alisikiliza akiwa amesimama. Sauti ya Sista ilikuwa kubwa hata simuni, na Shamso, aliyekuwa anaosha madumu ya maziwa, alinasa vipande vipande. Sista alikuwa amefurahi. Sista hajawahi kupokewa hivyo. Lakini Sista ni lazima aandike alichokiona, na wafadhili wana nafasi chache. Kule Takaba kuna msichana ambaye nyumbani kwao Sista alikalishwa juu ya debe lililopinduliwa. Akiandika alivyoona, kamati itampa yule nafasi, na nyumba ya Hani itaambiwa ianze kujilipia.

"Hani, mwanangu, kuna kitu ambacho sikukiona?"

Hani alimtazama baba yake. Abdille alikuwa ameacha kushona. Hakuinua kichwa, lakini sindano ilikuwa imesimama hewani.

"Hakuna, Sista," alisema Hani.

"Basi kesho adhuhuri naondoka. Mungu akubariki."

Abdille alivuta uzi. "Anasemaje?"

"Anashukuru kwa nyama, aabo."

Abdille aliitikia kwa kichwa, kisha akainuka na mkanda wake akaenda kwa Abdiwali. Alitembea polepole kuliko kawaida. Shamso hakungoja afike mbali.

"Nimesikia," alisema. "Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini, hooyo?" Machozi yalikuwa yameshamwagika. "Nimwambie baba yangu ni mwongo? Amekaa mbele yake amevaa vizuri, amesema hatuna upungufu. Nimpigie simu mgeni kwa nyuma, niseme, usimsikilize yule mzee, anauza maji, tena kwa punda wa watu? Siwezi. Nitakaa nyumbani. Nitafundisha madrasa, nitauza maziwa na wewe."

Shamso alikaa chini palepale, juu ya zulia la watu, mikono inachuruzika maji. Alijichukia. Hakuna aliyemwambia aazime. Hani alimwonya, tena kwa maneno matamu, na yeye akashupaza shingo. Aliona jinsi itakavyokuwa: Hani pembeni yake sokoni, akinyanyua kipimo, na kila mteja akiuliza, si wewe ulikuwa chuo kikuu? Na Hani akijibu kila siku, kwa upole ule ule. Uchungu ulimshika Shamso mpaka akashindwa kulia.

Walikuta Mulki amesimama mlangoni. Alikuwa amefuata zulia lake, na kwa jinsi alivyosimama ilionekana amesimama hapo kitambo.

"Mbona mnalia kama kuna maiti," alisema.

Wakamwambia. Wangefanyaje, na nusu alikuwa ameshaisikia. Shamso alingoja aambiwe nilisema, sikusema? Mulki alivua viatu, akaingia, akakaa.

"Abdille hakudanganya," alisema baada ya kufikiri. "Mimi nilikuwepo. Aliulizwa ng'ombe, akasema Mungu ndiye anajua. Uongo uko wapi? Hakusema zulia ni lake. Hakuna aliyemuuliza."

"Lakini Sista ameelewa..."

"Wewe Hani, nyamaza kwanza, hisabati zako ziweke kando. Wewe huwezi kusema, utamwaibisha baba yako. Mama yako hawezi kusema, atamwaibisha mume wake. Sawa. Lakini zulia ni la nani?"

"Ni lako, eeddo," alisema Hani, akimwita shangazi kwa Kisomali.

"Sasa mtu akisema mali yake ni yake, amemwaibisha nani?"

Shamso na binti yake walitazamana.

"Yule mtawa kanikasirisha," aliendelea Mulki, akikung'uta vumbi ambalo halikuwepo. "Nilikuwa nimengoja miaka miwili nisikie amembadilisha mtoto dini. Kumbe amempa ufunguo wa chumba cha kuswalia. Sasa mimi nitasema nini mtaani? Kesho asubuhi tunakwenda. Mwite Rahmo aje na vikombe. Na Abdiwali nitamwambia mwenyewe, aje kusema punda ni wake."

*

Walikwenda kwa miguu, zulia begani, Mulki mbele, Shamso katikati, Hani nyuma, na Rahmo pembeni na beseni la vikombe kichwani. Shamso alimwambia Mulki kwamba maneno yanatosha. Mulki akasema maneno matupu hata yeye haamini, sembuse mtu wa ofisi.

Nyumba ya wageni ya kanisa ilikuwa na ukuta mrefu na lango la chuma, na mlinzi aliyewasimamisha wakiwa bado mbali. Tangu mwaka ule magaidi walipowaua wanafunzi wa chuo kikuu cha hapa, malango ya mji huu hayafunguki hivi hivi, na hakuna anayeuliza kwa nini. Hata hivyo ilimuuma Shamso. Mlinzi aliwapitishia kifaa chake mwilini mbele na nyuma, akawauliza miadi, akawaambia wangoje nje, juani. Kisha akalitazama lile furushi refu jekundu.

"Ndani kuna nini?"

"Zulia," alisema Mulki.

"Ndani ya zulia."

"Zulia zaidi."

"Lifungue, mama."

Wakalikunjua hapo hapo mbele ya lango, juu ya mchanga, lote. Wapita njia walisimama. Rahmo naye aliambiwa afunue vikombe, akavitoa kimoja kimoja kwenye magazeti na kuvipanga juu ya zulia, akiomba Mungu chini kwa chini visivunjike. Shamso alijikaza. Jirani zake wanasachiwa kama wezi kwa sababu yake, na hakuna hata mmoja aliyelalamika.

Hivyo Sista Benedeta alipotoka, begi la safari mkononi, alikuta zulia alilokalia juzi limetandikwa barabarani, na vikombe alivyonywea vimepangwa juu yake.

"Jamani," alisema. "Mmenifuata na chai?"

Mulki alisogea mbele. Alikuwa amejiandaa njia nzima.

"Sista, mimi naitwa Mulki. Mimi ni jirani. Hii zulia ulikaa juu yake, hii ni yangu. Mtoto yangu alituma. Leo naichukua nyumbani."

"Na mimi Rahmo," alisema Rahmo. "Hii vikombe ni ya mimi. Mbuzi pia ilikuwa ya mimi, lakini mbuzi sidai, umekula, alhamdulillah."

Sista alitazama huyu, akatazama yule. Kicheko kilikuwa kimeanza usoni pake, kikakatika katikati. Akamtafuta Hani kwa macho. Hani alikuwa anatazama barabarani.

Punda alikuwa anakuja. Alikuwa anakuja katikati ya barabara kuu, mchana kweupe, mkokoteni umejaa majerikeni, magari yanampigia honi, na Abdille anatembea kando yake. Abdiwali alikuwa amemwambia. Alikuwa amemwambia, nimeitwa na Mulki nikaseme punda ni wangu, na Abdille akajibu, hapana, hilo nitasema mwenyewe. Kilemba kilikuwa shingoni. Uso wake ulikuwa wazi, na watu wa soko la mifugo, waliomjua enzi za ng'ombe, walikuwa wamesimama vizingitini wanamtazama.  Shamso alitamani kumkimbilia amfunike uso kwa mtandio wake mwenyewe.

Abdille alimsimamisha punda kando ya zulia, akamsalimia Sista, akasema kwa Kiswahili, polepole, ili asihitaji mkalimani:

"Sista, juzi uliniuliza hesabu, sikujibu. Toa karatasi."

Sista alitua begi chini, akatoa karatasi.

"Andika. Ng'ombe, hakuna. Mbuzi, hakuna. Hii punda ni ya Abdiwali. Zulia umesikia. Kikoi nilivaa juzi, hiyo pia nilirudisha."   Kisha aliinua mkono akamwonyesha binti yake, mkono mzima, si kidole. "Binti ya kusoma chuo kikuu, mmoja. Huyo ni yangu. Huyo nahesabu. Andika."

"Mashallah," alisema Mulki haraka haraka, na Rahmo akadakia, mashallah, mashallah, kulizima jicho baya kabla halijafunguka. Hata mlinzi, ambaye beji yake kifuani iliandikwa Musyoka, alijikuta ameitikia.

Hani alikuwa anajifuta uso kwa ncha ya hijabu. Shamso hakujifuta. Aliacha yashuke. Alikuwa ameolewa na mtu huyu akiwa na ng'ombe wengi wa kujaza bonde, na hakuna siku aliyowahi kumwonea fahari kama siku hiyo, na maji ya kuuza nyuma yake.

Sista aliandika kwa muda mrefu. Alipomaliza alikunja karatasi, akavua miwani.

"Kazi hii nimeifanya tangu nikiwa na meno yote," alisema. "Watu wananificha mali. Nimeona runinga imefunikwa blanketi. Nimeona gari limefichwa kwa jirani, mwenye nyumba ananiambia hajala tangu jana. Sijawahi kuona watu wanaazima mali ili mimi nikae vizuri." Alimgeukia Abdille. "Mzee, nitawaandikia wafadhili yote mawili. Zulia, na mwenye zulia. Nao wakinisikiliza, na huwa wananisikiliza, msichana wa Takaba atapata, na huyu wako atapata. Nikikosa kwao nitatafuta kwingine. Mtoto huyu hatoki."

"Basi kaa kidogo," alisema Mulki. "Zulia limeshatandikwa, vikombe vipo. Musyoka, wewe una maji ya moto?"

*

Ujumbe wa chuo ulikuja kabla muhula haujafunguliwa: Hani amelipiwa mpaka atakapohitimu. Wa Takaba naye alikuwamo, na wangelala chumba kimoja.

Siku ya safari, sanduku la Hani lilipakiwa kwenye mkokoteni, kati ya majerikeni, na chombo kipya cha nyirnyir juu yake. Shamso alitangulia kushika njia ya vichochoroni kwa mazoea. Abdille alimwita.

"Unakwenda wapi? Njia ni hii."

Wakapita barabara kuu. Punda alikwenda kwa mwendo wake, na Abdille hakumharakisha. Mbele ya soko la mifugo mzee mmoja aliyewahi kuchunga naye aliinua fimbo, akauliza kwa mbali, kama wafugaji wanavyoulizana, habari za nyumbani, habari za watoto, habari za mali.

"Mali ipo," alisema Abdille, akaweka mkono juu ya sanduku. "Moja. Iko mwaka wa tatu."